Koo tajiri na uchumi wa taifa: njia ya Korea Kusini, Taiwan, Ufilipino au Uswidi?

Taifa linapoanza kutafuta njia ya kuachana na uchumi wa kuuza mazao na madini ghafi, huzuka hoja mbili. Ya kwanza inasema: tafuteni koo chache za wafanyabiashara hodari, zipeni mikopo na ulinzi, zijenge viwanda, na nchi nzima itainuka nazo. Ya pili inasema koo hizohizo ndizo zitakazokamata soko, kuwaweka wanasiasa mfukoni na kuwazibia njia vijana wenye mawazo mapya, kwa hiyo zivunjwe mapema. Pande zote mbili huchukua ushahidi wao nchi moja, Korea Kusini, na hakuna upande unaosema uongo.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu anayelazimika kuchagua: mwanafunzi wa uchumi, mtunga sera, mwandishi wa habari, au mpiga kura anayesikia kila uchaguzi kwamba "tunahitaji Samsung yetu". Rai yangu naitoa mapema. Ukoo wenyewe una uzito mdogo kuliko masharti unayowekewa na muda ambao masharti hayo yanadumu. Ndiyo maana kwa kila nchi nauliza mambo manne. Fedha za ukoo zinatoka wapi? Bidhaa zake zinauzwa kwa nani? Ukishindwa, unaachwa uanguke? Na mwanzilishi akifariki, nani anashika usukani, na kwa gharama ya nani?

Korea Kusini: mkopo kwa sharti

Samsung ilianza mwaka 1938 mjini Daegu, Lee Byung-chul akifanya biashara ya samaki wakavu na tambi. Hyundai ya Chung Ju-yung ilianza na ujenzi mwaka 1947. Jenerali Park Chung-hee alipotwaa madaraka Mei 1961, wafanyabiashara wakubwa wa nchi hiyo walikuwa wametajirika zaidi kwa leseni za kuagiza bidhaa, misaada ya Marekani na mali zilizoachwa na Wajapani kuliko kwa viwanda. Park aliwakamata kwa tuhuma za utajiri haramu, kisha akapatana nao: wajenge viwanda anavyovitaka, nao wataachwa. Mwaka huohuo akaziweka benki za biashara chini ya serikali. Mengi yaliyofuata yanaelezwa na hatua hiyo. Koo zilimiliki viwanda, lakini mkopo ulitoka mkononi mwa serikali.

Sharti kuu lilikuwa kuuza nje. Aliyeuza nje alipata mkopo wenye riba ndogo kuliko mfumuko wa bei, yaani alikuwa kama analipwa ili akope. Aliyezembea alinyimwa. Park mwenyewe alikaa kila mwezi kwenye mkutano wa kukagua mauzo ya nje, mbele ya mawaziri na wenye viwanda. Nchi iliyouza nje bidhaa za dola milioni 100 mwaka 1964 ilifikia dola bilioni 10 mwaka 1977. Mnunuzi wa ng'ambo hajui ukoo wa mtu wala urafiki wake na ikulu. Anatazama bei, ubora na tarehe ya kupokea mzigo. Soko la nje likawa mtihani ambao majibu yake hayakuweza kununuliwa Seoul.

Faida ya kundi kubwa chini ya mwamuzi mmoja inaonekana vizuri zaidi Ulsan. Mwaka 1972 Hyundai ilianza kujenga kiwanda cha meli kwenye ufuo mtupu, huku ikiwa tayari na oda ya meli mbili kubwa za mafuta kutoka kwa tajiri wa Kigiriki, George Livanos. Kiwanda na meli vilijengwa kwa wakati mmoja, na mwaka 1974 vyote vikazinduliwa. Lakini mgogoro wa mafuta wa 1973 ulikuwa umeshaharibu biashara ya meli za aina hiyo, na baadhi zikabaki bila wa kuzichukua. Kampuni iliyosimama peke yake ingefia hapo. Hyundai ilianzisha kampuni yake ya usafirishaji mwaka 1976 na kuzipa kazi meli zilizokosa wenyewe. Wahandisi walitoka upande wa ujenzi, fedha zikatoka upande mwingine, na mteja akatoka ndani ya kundi lenyewe. Katika nchi isiyo na soko la mitaji la maana, yenye mameneja wachache na mahakama za biashara zisizotabirika, kundi la namna hii hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na benki, soko la hisa na soko la ajira. Anayesema makundi haya, yanayoitwa chaeboli, yalikuwa kupe tu juu ya mgongo wa Wakorea hajakitazama kisa hiki.

Halafu kuna visa viwili vya Samsung ambavyo napenda kuviweka ubavu kwa ubavu. Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 73, Lee Byung-chul aliamua kuingia kwa nguvu kwenye chipu za kumbukumbu. Bei zikaporomoka mwaka 1985. Hasara ilimfuata hadi karibu na kifo chake mwaka 1987, makampuni dada yakaibeba, na faida kubwa ikaja mwaka 1988 akiwa ameshazikwa. Wanahisa wa kawaida wasingemvumilia kiasi hicho. Miaka ya 1990 mwanawe, Lee Kun-hee, aliyependa sana magari, aliiingiza Samsung kwenye utengenezaji wa magari, ingawa Korea tayari ilikuwa na watengenezaji wengi kuliko soko lilivyohitaji. Magari ya kwanza yaliuzwa mwaka 1998, mwaka uliofuata kampuni ikaangukia mikononi mwa mahakama, na mwaka 2000 Renault ikainunua. Mamlaka ya mtu mmoja yalikuwa yaleyale, na subira ya fedha za kundi ilikuwa ileile. Anayezisifu chaeboli hutaja chipu na kunyamazia magari. Anayezishutumu hufanya kinyume chake.

Kilichobadilika kati ya visa hivyo ni nguvu ya anayesema hapana. Zamani serikali iliweza kulikatia kundi mikopo likasambaratika, kama ilivyotokea mwaka 1985 kwa Kukje, kundi la saba kwa ukubwa. Sikisifu kitendo kile. Kilikuwa na harufu ya chuki ya kisiasa, na mwaka 1993 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba kilivunja katiba. Ila kilionyesha kwamba mkubwa anaweza kuanguka. Katika miaka ya 1990 milango ya fedha ilifunguliwa, taasisi za fedha zikakopa ng'ambo kwa muda mfupi, na makundi yakakopa yakiamini kwamba hakuna serikali itakayothubutu kuyaacha yafe. Kufikia mwisho wa 1997 madeni ya makundi 30 makubwa yalizidi mtaji wao zaidi ya mara nne. Hanbo ilianguka Januari mwaka huo, Kia ikafuata, sarafu ikaporomoka, na Desemba Korea ikapokea mpango wa uokoaji ulioongozwa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa takriban dola bilioni 57. Mwaka 1998 uchumi ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 5. Daewoo, mojawapo ya makundi makubwa kabisa, ilisambaratika mwaka 1999, na mwanzilishi wake Kim Woo-choong akakimbilia nje hadi 2005.

Huko kuanguka ndiko kulikoisafisha Korea kwa kiasi. Makundi yaliyobaki yalipunguza madeni na kuuza matawi yasiyo na faida. Jeraha lililobaki wazi ni urithi.

Ukoo wa Kikorea kwa kawaida hauna hisa nyingi. Hutawala kwa mizunguko: kampuni ya kwanza inamiliki ya pili, ya pili inamiliki ya tatu, ya tatu inarudi kumiliki ya kwanza, na ukoo wenye asilimia chache tu unaamua mambo yote. Kodi ya urithi inafika asilimia 50, na kwa mwenye hisa za kutawala imewahi kufika 60. Warithi wa Lee Kun-hee walitangaza mwaka 2021 kwamba watalipa zaidi ya won trilioni 12. Kodi kubwa juu ya udhibiti mwembamba humfanya mrithi atafute njia za pembeni. Mwaka 2015 makampuni mawili ya Samsung yaliunganishwa kwa bei ambayo wanahisa wengi waliona inamfaidi mrithi, Lee Jae-yong, na mfuko wa pensheni wa taifa ukapiga kura ya kuunga mkono. Kesi ya muungano wenyewe alishinda, na Mahakama ya Juu ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2025. Kwa rushwa iliyohusishwa na Rais Park Geun-hye, hata hivyo, alihukumiwa, akafungwa, na mwaka 2022 akapewa msamaha wa rais. Baba yake alisamehewa mwaka 2009, mwenyekiti wa Hyundai Motor mwaka 2008, wa SK mwaka 2015. Sababu inayotolewa kila mara ni moja: uchumi unawahitaji. Nchi inayofika mahali pa kusema hivyo imeshapoteza ile fimbo iliyoifikisha hapo.

Gharama yake humwangukia asiyekuwa mezani. Makampuni madogo na ya kati ndiyo yenye zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wote, lakini mengi ni wasambazaji wa makundi makubwa, na bei hupangwa na mnunuzi. Mishahara ni duni upande huo, kwa hiyo vijana hutumia miaka wakigombea nafasi chache za upande wa pili. Na chipu, zinazotoka kwa sehemu kubwa kwa Samsung na SK Hynix, zilikuwa takriban moja ya tano ya mauzo ya nje mwaka 2018 na tena 2024. Soko la chipu likiugua, taifa zima linalala kitandani.

Taiwan: wadogo wengi na maabara ya serikali

Taiwan ilianza ikiwa na ufanano mkubwa na Korea: koloni la zamani la Japani, ardhi ndogo, utawala wa kimabavu, misaada ya Marekani. Ikachagua vingine, na si kwa sababu ya kupenda wanyonge. Chama tawala kilichokuja kutoka China bara kiliogopa matajiri wenyeji wasiwe nguvu ya kisiasa, na kilikuwa kimeonja mfumuko wa bei wa kutisha kabla ya 1949. Kwa hiyo benki zilibaki za serikali hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, riba iliachwa juu, na viwanda vizito vya msingi vikawa vya umma. Wafanyabiashara wadogo waliokosa mikopo ya benki walikopeshana kwa ndugu, kwa soko la pembeni na kwa hundi za tarehe za mbele, ambazo zikirudi bila kulipwa lilikuwa kosa la jinai hadi 1987. Walianguka kwa wingi na kuinuka kwa wingi. Kuanguka kwa mmoja hakukuwa habari ya taifa.

Udhaifu wa njia hii ni dhahiri: fundi mwenye wafanyakazi 40 hawezi kujenga kiwanda cha chipu. Jibu lilikuwa taasisi ya utafiti ya umma, ITRI, iliyoanzishwa mwaka 1973. Ilinunua teknolojia kutoka RCA ya Marekani, ikafundisha wahandisi, kisha ikawaachia watoke na kuanzisha makampuni. TSMC, kampuni ya kutengeneza chipu, ilizaliwa humo mwaka 1987 chini ya Morris Chang. Serikali iliweka karibu nusu ya mtaji, Philips ikaweka zaidi ya robo, na matajiri wa ndani walisitasita hadi wakasukumwa. Nafikiri hili ndilo jambo la kuzingatia kuliko yote katika ulinganisho huu. Koo tajiri zilikuwepo, Formosa Plastics ikiwa mfano wake mkubwa, na zilipopewa nafasi ya kuingia mwanzoni katika kampuni ambayo baadaye ingekuwa ya thamani kuliko zote kisiwani, hazikuona sababu. Hatari ilibebwa na umma, na uongozi ukaachiwa mtaalamu ambaye hakuwa na kiti cha kumrithisha mwanawe.

Dhoruba ya 1998 ilipofika, uchumi wa Taiwan ulikua kwa takriban asilimia 4. Leo kipato cha wastani cha nchi hizi mbili kinakaribiana. Taiwan ililipa kwingine: chapa chache zinazojulikana duniani, mishahara iliyoduwaa kwa muda mrefu viwanda vilipohamia China bara, na sasa TSMC peke yake imekuwa zaidi ya robo ya thamani ya soko la hisa. Kuepuka koo hakukuiepusha na kutegemea kampuni moja.

Ufilipino: ukoo bila mtihani

Hapa sitakaa sana, maana kisa ni kifupi na kinasikitisha. Mwaka 1960 kipato cha wastani cha Mfilipino kilikuwa juu ya cha Mkorea. Koo kubwa zilikuwepo, nyingine za zamani kuliko chaeboli yoyote. Biashara ya Ayala inaanzia 1834. Fedha zao zilitoka kwenye ardhi na kwenye benki walizomiliki wenyewe. Faida ilitoka kwenye umeme, viwanja, maduka makubwa, simu, yaani mahali ambapo mteja hana pa kwenda. Rais Ferdinand Marcos alidai kuzivunja, akainyang'anya familia ya Lopez kampuni ya umeme ya Meralco baada ya sheria ya kijeshi ya 1972, lakini mali ilihamia kwa marafiki zake. Sukari na nazi zikawa ukiritimba wa watu wake. Baada ya Marcos kuanguka mwaka 1986 koo za zamani zilirudi. Katiba ya 1987 iliwawekea wageni ukomo wa asilimia 40 katika huduma za umma, na ulinzi ulioandikwa kwa jina la uzalendo ukageuka uzio wa wachache. Kwa miaka mingi simu ziligawanywa baina ya makampuni mawili, PLDT na Globe. Sheria ya 2022 ndiyo iliyolegeza ukomo huo kwenye mawasiliano na usafiri.

Wenye koo hawa si wavivu wala wajinga kuliko Lee na Chung. Hakuna aliyewahi kuwaambia mkopo utakatwa wasipouza nje.

Uswidi: ukoo unaotawala bila kula

Familia ya Wallenberg ilianzisha benki mwaka 1856 na kampuni ya uwekezaji, Investor, mwaka 1916. Ushawishi wake umefika Ericsson, Atlas Copco, ABB, SEB na Saab. Nguvu hiyo ilishikwa kwa hisa zenye kura nyingi. Hisa ya daraja la kwanza ya Ericsson ilikuwa na kura mara 1,000 ya hisa ya kawaida hadi mwaka 2004, ilipopunguzwa kuwa mara 10. Kwa karatasi ni udhibiti mwembamba kuliko hata wa Kikorea. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya mali imewekwa kwenye wakfu, wa kwanza ukiwa wa 1917, na gawio la wakfu huenda kwenye utafiti wa kisayansi. Mrithi anapata kazi na heshima, hapati mfuko. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nguvu ya kukaa meza moja na waajiri tangu mapatano ya Saltsjöbaden ya 1938, na soko la ndani lilikuwa dogo mno kumlisha yeyote asiyeuza nje.

Hata hivyo, kwa miongo mingi baada ya vita orodha ya makampuni makubwa ya Uswidi ilibaki ya wazee walewale. Ukoo mwema nao hufunika jua.

Je, kuvunja koo kunatosha?

Japani ilijaribu, kwa amri ya Wamarekani waliokuwa wameikalia. Kuanzia 1945 makampuni hodhi, yaani yanayoshika hisa za makampuni mengine, ya Mitsui, Mitsubishi, Sumitomo na Yasuda yalivunjwa, hisa za familia zikauzwa, na sheria ya 1947 ikapiga marufuku makampuni hodhi kwa miaka 50. Nafasi ilipatikana: Sony ilianza 1946, Honda 1948. Lakini majina ya zamani yalijikusanya tena kwa kushikiana hisa na kuzunguka benki kuu, safari hii bila familia juu. Mfumo huo ulipanda ajabu, kisha ukazama. Soko la hisa la Tokyo lilifika kilele mwishoni mwa 1989 na halikukipita hadi Februari 2024, kwa sehemu kubwa kwa sababu benki ziliendelea kuyalisha makampuni yaliyokwisha kufa. Anayeamini kwamba ukiondoa familia umeondoa mdororo aisome Japani.

Uchague ipi?

Kama nchi bado ni maskini wa mitaji na mameneja, na inataka meli, chuma au kemikali, siioni njia ya mkato inayokwepa makundi makubwa kabisa. Chukua ya Korea ya miaka ya 1960 na 1970, bila mateso yake kwa wafanyakazi na wapinzani, ambayo hayakuwa sharti la ukuaji. Iga kile kilichofanya kazi: mkopo unaofuata mauzo ya nje yaliyothibitishwa, benki zisizomilikiwa na wakopaji, na tarehe ya mwisho ya ulinzi iliyoandikwa siku ule mkopo unapotolewa. Kama serikali yako haina ubavu wa kumkatia mkopo mfadhili wa chama tawala, usiingie njia hii. Utapata Ufilipino ukidhani unajenga Korea.

Kama nchi ina wafanyabiashara wengi wadogo, shule nzuri za ufundi na serikali inayoweza kuendesha taasisi moja ya utafiti kwa uaminifu, njia ya Taiwan ni salama zaidi, na ningeitanguliza. Haitoi majina makubwa haraka, na viongozi wanaopenda kukata utepe hawaipendi. Ila haikuachii mfalme wa kumwondoa baadaye.

Kama koo zimeshakuwa kubwa, Uswidi ni pambo zuri lisiloigika kwa amri, kwa kuwa wakfu zile zilijengwa na familia kwa hiari yao. Tazama badala yake Marekani ya 1935, iliyotoza kodi gawio linalopita kutoka kampuni hadi kampuni na kubomoa ghorofa za makampuni hodhi ya umeme. Au Israeli, ambako baada ya maandamano ya 2011 kuhusu gharama za maisha, bunge lilipitisha sheria mwaka 2013: hakuna kundi jipya la kujenga zaidi ya tabaka mbili za makampuni yaliyo kwenye soko la hisa, yaliyopo yakapewa miaka 6 kufika hapo, na mwenye benki au bima kubwa akatakiwa kuchagua kati yake na kiwanda kikubwa. Hakuna aliyenyang'anywa mali. Kila ukoo uliachiwa uamue wenyewe ushike nini na uuze nini, kalenda ikiwa ukutani.